Stendi Mbili za Baba Neema

Mwezi uliopita nilikwenda Kaniha kumzika fundi Aloyce, ambaye sisi tuliowahi kuishi kwake tulizoea kumwita Baba Neema. Nilifika asubuhi kutoka kwetu Keza, wilayani Ngara, nikaketi mkekani pamoja na akina mama, na kabla sijafuta machozi nikasikia mwanamke mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Huyu ndiye yule mwalimu aliyeinua gari." Mwenzake akanigeukia, akaushika mkono wangu kwa mikono yake yote miwili. "Mungu akubariki, mama," akaniambia. "Bila wewe tungemzika zamani." Nikainamisha kichwa kama mtu aliyelemewa na msiba. Watu huniona mnyenyekevu ninapofanya hivyo. Nimebarikiwa kwa ajili ya gari lile mara nyingi mno, makanisani, sokoni, kwenye harusi za watu nisiowajua, na hakuna baraka hata moja iliyonipata vizuri. Kila mara huwa najisikia kama mtu aliyevaa nguo ya marehemu.

Habari za kwetu na jinsi nilivyopata ualimu nitaziacha. Ninachotaka kukisimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa na miaka ishirini na minne na nimepangiwa kufundisha shule ya msingi katika kata ile ya Kaniha, wilayani Biharamulo. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, ndipo Mama Neema akanipa chumba cha mwisho nyumbani kwake. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza iliyokuwa ikichechemea, na dirisha la ubao lililofungukia uani. Uani ndiko Baba Neema alikofanyia kazi. Hakuwa na gereji. Alikuwa na ua wa udongo mwekundu, sakafu ya saruji aliyoimwaga mwenyewe upande wa kivulini, kubwa kidogo kuliko kitanda cha watu wawili, na stoo ya mabati ambamo kila spana ilikuwa na msumari wake wa kuning'inia. Ukifungua dirisha langu mchana unapokea harufu mbili kwa pamoja, ya oili chafu na ya maharage yanayochemka, na mpaka leo nikipita karibu na gereji yoyote nasikia njaa. Tulikula wote sinia moja, ugali wa muhogo na dagaa, au ndizi zilizopikwa na maharage, na msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, Mama Neema aliwakaanga wengi akawaweka kwenye kopo juu ya kabati, nami nikawa nawaiba kidogo kidogo. Alijua. Alinicheka tu, akasema tumbo la mwalimu nalo lina masomo yake.

Mwanzoni niliketi dirishani nikisahihisha madaftari huku nikimtazama Baba Neema akijilaza chali na kutambaa hadi uvunguni mwa magari ya watu, akabaki humo saa nzima, miguu tu ikionekana, akiimba nyimbo za kanisani. Jumamosi moja nikamwuliza kama haogopi. Akatoka, akajifuta mikono kwa kitambaa, akanitazama kama mwanafunzi aliyeuliza swali zuri. "Mwarimu," akasema, kwani kwake l na r zilibadilishana zilivyopenda, "mimi naogopa sana. Ndiyo maana niko hai. Njoo nikuonyeshe woga wangu." Nikaenda. Tangu siku hiyo kila Jumamosi aliponiona nina nafasi aliniita, na mimi, binti wa mkulima ambaye sijawahi kushika hata usukani, nikajifunza kuinua gari.

Alianza na ardhi. Alikanyaga sakafu yake kwa kisigino, kisha akakanyaga udongo pembeni, akanionyesha jinsi udongo ulivyobonyea. Gari lazima likae pasipo na mteremko wala ulaini, alisema, na kama huna saruji basi weka ubao mpana chini ya jeki, vinginevyo jeki itazama wakati gari liko juu. Kisha hendibreki, na gia. Kisha kabari za mbao, mbele na nyuma ya kila tairi litakalobaki chini, zigongwe mpaka zisiteteme. Kama utavua tairi, nati zake zilegezwe wakati tairi bado limekanyaga chini, maana ukianza kuvutana na nati gari likiwa juu unalisukuma wewe mwenyewe likuangukie. Ndipo jeki, ile fupi ya mafuta, iwekwe chini ya chesisi, kwenye chuma kinene. Si kwenye bati wala kwenye bakuli la oili. Alinipa mkono wa jeki nikapiga mwenyewe, na nilipoona lile pikapu linanyanyuka kwa nguvu za mikono yangu iliyozoea chaki, nikacheka kwa sauti. Yeye hakucheka. Alinionyesha jeki kwa kidole. "Huyu kazi yake ni kunyanyua tu," akasema. "Ndani yake kuna mafuta na kampira kadogo. Siku kampira kakichoka, hakatakuaga. Usiingize hata kidole kabla hujamkalisha kwenye stendi." Magari na vyuma vyake vyote aliviita yeye na huyu, kama watu.

Stendi zake zilikuwa mbili, na alizichomelea mwenyewe kwa mabomba mazito: miguu minne iliyotanuka chini, shingo yenye matundu, na pini ya chuma ya kupachika kwenye tundu la urefu unaoutaka. Unaziweka moja kila upande chini ya chesisi, unapachika pini, unashusha jeki polepole mpaka uzito wote uwe umelala juu ya stendi. Halafu unafanya kitu ambacho nilikipenda kuliko vyote: unasimama nje, unalishika gari, unalitikisa kwa nguvu zako zote. "Kama anataka kuanguka," alisema, "aanguke sasa, wewe ukiwa nje." Baada ya hapo ndipo aliingia na kuanza kuimba. Majirani wenye magari walikuwa wakija kumwazima hiki na kile, naye alitoa. Stendi hakutoa. Nilimsikia mara mbili akimkatalia mtu, kwa upole lakini bila kuzunguka: "Spana chukua. Stendi hapana. Nikiitwa chini ya gari na wewe unazo, nitafanyaje?"

Kwa hiyo sikuwa na kisingizio cha kutojua.

Shuleni kwetu kulikuwa na mwalimu mwenzangu, Pontian, mzaliwa wa Kibimba huko Ngara. Alivaa mashati yaliyopigwa pasi vizuri, akasoma magazeti ya zamani kwa sauti ya mtangazaji, na aliponiambia jambo alikuwa na tabia ya kusogea karibu kama vile walimu wengine wote hawastahili kulisikia. Nilimpenda, na sikuwa hodari wa kuficha. Ijumaa moja baada ya vipindi aliniambia kwamba anakwenda kwao mwisho wa juma kumsaidia baba yake kubadilisha springi za pikapu lao chakavu. Wamezoea kuliegesha juu ya mawe, akasema, na mzee wake ndiye anayeingia chini. "Wewe si unajua mambo haya?" akaniambia. "Kila mtu anasema Mwalimu Leonsia ni fundi. Niazimie zile stendi za mzee wako. Jumapili jioni nazirudisha, hata hatajua." Ningeweza kumjibu kwamba hazitoki. Lakini alikuwa ametaja baba yake akiwa chini ya gari lililokalia mawe, na alikuwa ameniita fundi, na, kwa kweli, alikuwa amesogea karibu. Baba Neema alikuwa ameenda mjini kutafuta vipuri, Mama Neema yuko shambani, na kwa Jumamosi hakukuwa na gari lolote lililotarajiwa. Nikaingia stoo, nikazitoa, nikamsaidia kuzitia kwenye gunia. Nakumbuka uzito wake, na jinsi nilivyojiona mtu mkubwa mwenye kutoa.

Kesho yake, kama saa nne asubuhi, nikiwa chumbani na madaftari ya darasa la sita, nikasikia gari likiingia uani. Lilikuwa pikapu la mfanyabiashara mmoja wa mahindi. Giaboksi ilikuwa inakwaruza, na Jumapili alitakiwa awe kwenye gulio. Baba Neema akalikagua, akasema lazima ishushwe. Akaenda stoo. Nikasikia mlango wa bati ukifunguliwa, kisha vyuma vikihamishwa kimoja kimoja. Mkono wangu wenye kalamu nyekundu ukasimama juu ya daftari la mtoto wa watu.

"Mama Neema! Stendi zangu umeziona?"

"Ziko stoo."

"Hazimo."

"Labda ulimpa mtu."

"Mimi? Stendi?"

Halafu Mama Neema, aliyekuwa akipepeta mchele chini ya dirisha langu, akainua sauti bila hata kugeuka. "Mwalimu, hujaona stendi za Baba Neema?"

"Hapana, mama," nikajibu.

Neno hilo nimelirudia kichwani maisha yangu yote, na bado sijui lilitoka wapi kwa wepesi ule. Sikulipanga. Nilifikiri Jumapili zitarudi. Nilifikiri atamwambia mteja arudi Jumatatu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha kwamba bila stendi hakuna kazi. Nilimwamini yeye afuate sheria yake ili mimi nisiaibike, na nadhani huo ndio uovu wangu hasa, kuliko hata uongo wenyewe. Mteja alianza kulalamika. "Fundi, si kuna matofali pale? Mjini wote wanatumia matofali." Baba Neema akajibu kwamba tofali haliinami, linapasuka tu. Mteja akasema wanunuzi wamekwisha kupanga naye, na kama fundi hawezi, amwambie, aende kwa anayeweza. Wakabishana muda mrefu. Nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mita kumi kutoka kwao. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kufungua dirisha mara ishirini. Mwishowe nikasikia tofali la kwanza likiwekwa sakafuni, kisha la pili juu yake. Nikasikia kabari zikigongwa. Nikamsikia akilitikisa gari kama kawaida yake, na gari halikuanguka. Nikapumua. Nikarudi kuketi.

Sauti yenyewe haikuwa kubwa. Alikuwa anavuta bolti iliyoganda, tofali likapasuka, na gari likashuka, likaisukuma jeki pembeni. Mama Neema alipiga ukelele, ungo ukaanguka, mchele ukamwagika. Nilipotoka wanaume walikuwa wanaruka kutoka barabarani, mteja ameshika bampa anapiga kelele, "Tuinue! Tuinue!" na kila mmoja ananyanyua upande wake. Pikapu lilikuwa limelala juu ya mkono wa kulia wa Baba Neema, juu kidogo ya kiwiko, na kila walipolinyanyua kwa mikono lilisogea na kumrudia. Sijui ile sauti niliipata wapi. Niliwaambia waache, wakaacha. Nikapiga kabari nyuma ya matairi. Nikatafuta jeki, nikaisimamisha juu ya ubao, chini ya chesisi, kwenye chuma kinene. Nikamwambia mtu mmoja awe anasogeza vipande vya mbao chini ya chesisi kila gari linapopanda kidogo, lisipate pa kurudi. Nikaanza kupiga, polepole. Baba Neema alikuwa ananitazama kutoka chini, uso umekuwa wa majivu. "Vizuri, mwarimu," akasema. "Vizuri. Usiharakishe." Alinifundisha mpaka hapo.

Tukamtoa. Jirani mwenye gari akampeleka hospitali, Mama Neema amepakata kichwa chake. Mkono ulikatwa siku hiyo hiyo. Daktari aliwaambia kwamba kama gari lingemrudia mara moja zaidi, na safari hii kifuani, asingefika pale akiwa hai. Jumapili kanisani katekista alinisimamisha mbele ya watu wote, akasema mwalimu wetu ametumwa na Mungu, wakapiga makofi na vigelegele. Nilipotoka, pale nje kwenye ngazi, niliwasikia wanaume wakisema mengine: fundi alikuwa na haraka, fundi alijiamini mno, labda hata alikuwa amepitia rubisi asubuhi. Mtu ambaye hakuwahi kunywa pombe kabla ya kazi! Nilipita katikati yao. Walinipisha kwa heshima.

Jumatatu Pontian alinikuta nyuma ya madarasa. Alikuwa amepata habari njiani. Zile stendi aliziacha Kibimba. "Ukisema, mimi nimo na wewe umo," akasema. "Na mkono haurudi." Alikuwa na sauti ile ile ya mtangazaji, ila safari hii hakusogea. Nikamwambia sawa. Hatukugombana, wala hatukuoana. Tuliacha tu kutazamana, na mwaka uliofuata alihamishwa, nikaona nafuu isiyokuwa na furaha ndani yake.

Miezi iliyobaki niliishi katika nyumba ile ile, nikila kwenye sinia ile ile, ambayo sasa ilikuwa na mkono mmoja pungufu. Ua ulikuwa kimya. Mama Neema alianza kwenda kulima mashamba ya watu baada ya kumaliza lake, anarudi mgongo umekauka. Baba Neema alikaa kwenye kigoda karibu na sakafu yake ya saruji, na watu waliokuja kumsalimia walimpa pole na papo hapo wakamkaripia kidogo: mzee, na wewe ulikuwaje, unaijua kazi yako. Alijibu, "Ndiyo hivyo." Hakuwahi kusema, "Stendi zangu ziliibwa." Nilingoja aseme. Nilitamani aseme, amshuku mtu yeyote, mpita njia, mteja, ili nami nipate pa kujificha. Siku moja akaniomba nimfundishe kuandika kwa mkono wa kushoto. Basi kila alasiri baada ya shule tuliketi mezani pangu, ile meza inayochechemea, yeye akichora a na e kama mtoto wa darasa la kwanza, ulimi umetoka pembeni, mimi nikiushika mkono wake uliobaki kuuongoza. Alikuwa mwanafunzi mvumilivu. Akimaliza ukurasa anaweka kalamu chini, ananitazama, anauliza, "Mwarimu, una neno?" Nilidhani ni namna yake ya kuaga. Nikawa namjibu, "Sina, baba." Anasema haya, ananyanyuka.

Mwisho wa mwaka nikaomba uhamisho, nikarudi Ngara. Nimekuwa nikienda kuwasalimia mara kwa mara tangu hapo, na sukari, na kitenge cha Mama Neema, na viatu vya shule vya binti yao Neema alipokuwa mdogo. Kila nilipopanda gari kwenda huko niliapa kwamba leo nitasema. Nafika, nasema shikamoo, ananijibu marahaba, tunakula, ananiuliza kama nina neno, namwambia sina. Mtu anaweza kuzeeka hivyo. Nimekuwa mwalimu mkuu, nimestaafu mapema kwa ajili ya macho, nimewaadhibu watoto mamia kwa kosa la kusema uongo.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu walipopungua, nilimfuata Mama Neema jikoni. Alikuwa ameinama juu ya sufuria. Nikafunga mlango, nikapiga magoti, nikamwambia yote kuanzia Ijumaa ile: gunia, Pontian, dirisha, lile "Hapana, mama." Nililia sana. Yeye aliendelea kukoroga mpaka nikamaliza, akafunika sufuria, akaketi kwenye kigoda.

"Najua," akasema.

Nikamwuliza tangu lini.

"Wiki ile ile. Baba yake yule kijana alikuja hospitalini kutoka Kibimba na lile gunia la stendi. Habari za ajali zilimfikia, akambana mwanawe mpaka akasema. Mzee wa watu alilia kuliko wewe."

"Na Baba Neema alisikia?"

"Aliyekuwa kitandani alikuwa nani? Stendi nikazipeleka kwa kaka yangu, usije ukazikuta nyumbani. Mimi nilitaka kukufukuza siku hiyo hiyo. Akanikataza. Alisema, 'Mwache. Ni mwalimu, atasema mwenyewe.' Kila ulipoondoka hapa alikuwa ananiuliza, 'Kwako amesema?' Namwambia hajasema. Ananiambia, 'Basi safari ijayo.' Hata majuzi, sauti imeshakwisha, aliniuliza kama umepiga simu."

Nikashika pindo la kitenge chake. Nikamwambia, "Mama, nisamehe. Nimesema sasa."

Alinitazama bila hasira, kwa uchovu tu wa mwanamke aliyelima mashamba ya watu miaka mingi.

"Umeniambia mimi, mwalimu," akasema. "Mimi sikuwa nakungoja."

Akachukua ndoo, akafungua mlango, akaenda kuwatekea wageni maji.